TAHADHARI: "Kidimu wa daraja la juu" wanaouzwa Lubumbashi. Msitume pesa kabla ya kusoma hapa

Ndugu wafugaji wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, na nyinyi wote mnaopenda kuku wa mapambo: kuna mtu anauza kuku wa kidimu, wale wa manyoya yaliyojikunja ambao wengi hapa mjini tunawaita frize, na anawauza kwa uongo. Mimi amenipata. Amenilia dola 135, mitetea wawili wamekufa, na miezi mitano imekwenda bure. Jina lake simtaji, na namba yake siiweki kwa sababu anaibadilisha kila mara. Lakini maneno anayouzia hayabadiliki, na hayo ndiyo nataka muyajue.

Huu ni mwaka wangu wa nne nafuga kidimu nyuma ya nyumba, Katuba hapa Lubumbashi. Sifugi kwa biashara, nafuga kwa mapenzi. Wa kwanza alinipa shangazi yangu, alimtoa kijijini upande wa Kasenga: kuku jike mweusi, mdogo, manyoya yote yamegeuka kuelekea kichwani kana kwamba upepo unampuliza kutoka nyuma siku zote. Watoto wa jirani walikuwa wanapita kumtazama kabla ya kwenda shule. Shangazi aliniambia kitu kimoja tu: mpe jogoo wa manyoya ya kulala, usimpe mwenzake aliyejikunja. Sababu hakunieleza, na mimi sikuuliza. Nilifuata hivyo hivyo, na kila uzao nilipata kama nusu kidimu, nusu wa kawaida.

Mwaka huu niliona damu imekaribiana mno. Jogoo wangu ni baba wa karibu mitetea wote, na mayai mengi yalikuwa hayaangui. Nikawa natafuta jogoo wa nje. Mwezi wa tatu nikaliona tangazo.

Picha yenyewe ilikuwa ya jogoo mweupe mnene amesimama kwenye majani mabichi, manyoya yamejikunja kama maranda yanayotoka kwenye randa ya seremala. Chini yake: "Kidimu wa daraja la juu. Wametoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa. Baba kidimu, mama kidimu, vifaranga asilimia 100 kidimu." (Kasumbalesa ndiyo mpaka wetu na Zambia.) Jogoo na mitetea wawili wa miezi mitatu, dola 100. Mayai 12 ya kutamisha, dola 20. Ukisita anakuambia kuna mama wa Kolwezi ameshatuma pesa, umebaki wewe tu.

Nilituma dola 50 kwa simu, zilizobaki nikampa kijana wa pikipiki aliyeleta katoni saa moja usiku, umeme hakuna. Kijana hakujua lolote, yeye alitumwa tu. Nilipomulika kwa simu niliona manyoya yamejikunja kweli, nikafurahi, nikawafungia.

Asubuhi ndipo nilipowaangalia vizuri. Hawakufanana na kidimu wangu. Manyoya yao yalikuwa membamba, karibu kama sufu, yamejisokota mpaka hayafuniki ngozi. Shingo ilikuwa wazi kwa nyuma, mgongoni mabaka mekundu. Nikampigia. Akanijibu kwa sauti ya upole kabisa: "Baba, hao wamejikunja mara mbili, ndiyo maana nikasema daraja la juu. Hiyo ngozi wanabadili manyoya tu." Nikamwamini. Sasa najua kwamba neno lake la kwanza lilikuwa kweli kabisa. Wamejikunja mara mbili, na ndiyo kasoro yao.

Nieleze, maana hapa ndipo anapowapatia watu. Ukunjaji wa manyoya unaletwa na jeni moja. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba ni hitilafu kwenye jeni iitwayo KRT75, inayotoa aina moja ya keratini, protini zinazojenga unyoya. Kila kuku ana nafasi mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Akipata moja ya kukunja na moja ya kulala, anakuwa kidimu mzuri tunayempenda. Akipata mbili za kukunja, unyoya unakosa nguvu: unakuwa mwembamba, unakatika ukiguswa, na kuku anabaki karibu uchi. Akikosa zote mbili, ni kuku wa kawaida. Kwa hiyo ukioanisha kidimu kwa kidimu, katika vifaranga wanne tegemea mmoja wa kulala, wawili kidimu, na mmoja wa uchi. Ukioanisha kidimu na wa kulala, ni nusu kwa nusu, na wa uchi hatokei. Hilo ndilo shangazi alikuwa anajua bila kwenda maabara.

Basi tazameni tangazo tena. "Baba kidimu, mama kidimu" analiandika kama sifa, wakati mfugaji mwenye akili akilisikia anapaswa kurudi nyuma. Na "asilimia 100" haiwezekani kwa wazazi hao, labda wazazi wenyewe wawe wa uchi, na hapo vifaranga wote watakuwa wa uchi vilevile. Huyu mtu anachukua ile robo ambayo mfugaji mwingine angeona aibu kuiuza, anaipa jina zuri, anaongeza bei.

Mayai niliyonunua kwake nayo yalisema ukweli wake. Nilimwekea tembe mmoja aliyekuwa anataka kuatamia. Siku ya 21 na ya 22 wakatoka tisa. Wakiwa na manyoya ya utoto huwezi kumjua kidimu, wote wanafanana. Baada ya siku chache manyoya ya mabawa yalipoanza kuchomoza nikawaona: watatu wa kulala, wanne kidimu, wawili wa kujisokota kama wale wa katoni. Asilimia 100 ilikuwa wapi? Nikamtumia picha. Akasema nimechanganya na mayai ya kuku wangu.

Mwezi wa tano mitetea walianza kunyonyoka kabisa. Nilimpigia tena, akasema ni chakula changu kibaya, halafu utitiri, halafu vitamini. Akanitumia kichupa kidogo bila karatasi ya maelezo, dola 15. Nililipa. Inaniuma kuandika hivyo, lakini unapomwona ndege anatetemeka mchana kweupe unalipa chochote.

Wote mnajua mashika ya Lubumbashi, majira ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Tuko juu, kama mita 1,200, na usiku baridi inashuka kabisa. Kidimu wa kawaida anavumilia ukimfunga mahali pasipo na upepo. Wa uchi hawezi. Joto la mwili linampotea muda wote, anakula sana na hanenepi. Jambo hili si geni: mtafiti Walter Landauer kule Connecticut, Marekani, aliwachunguza kuku hawa miaka ya 1930, akaona miili yao inafanya kazi kupita kiasi ili kutunza joto, mpaka moyo unakuwa mkubwa kuliko kawaida. Miaka karibu 90 baadaye mtu ananiambia ni chakula changu.

Niliwatandikia maranda mengi, nikaziba upande wa kusini kwa magunia, nikawateremshia fito ya kulalia karibu na chini kwa sababu hawawezi kuruka. Kuna aliyenishauri niwawekee mbabula, jiko la makaa, ndani ya banda. Msifanye hivyo kamwe: moshi wa makaa kwenye banda lililofungwa unaua kuku, na unaweza kumuua mtu anayeingia kuwatazama. Nilitumia chupa za maji moto nilizofunga kwa vitambaa, nazibadilisha saa nne usiku na saa tisa. Mtetea wa kwanza nilimkuta amekufa wiki ya pili ya mwezi wa sita. Wa pili alikaa siku tisa zaidi. Huyo alikuwa ameshanizoea, akinisikia tu anakuja kuingia chini ya koti langu. Siwezi kumsamehe mtu huyo, zaidi kwa ajili ya mtetea yule kuliko kwa ajili ya pesa.

Nilipompa habari, alinifungia. Namba ikafa.

Jogoo alipona, sijui kwa bahati gani, nilimlaza jikoni hadi mwezi wa nane. Na yeye ndiye aliyenipa ushahidi wa mwisho. Mwezi wa saba, akiwa ameshakomaa, nilimpa mitetea wawili wa manyoya ya kulala, wa kununua kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, wasio na uhusiano wowote na banda langu. Vifaranga 11 wametoka, na wote 11 ni kidimu, wazuri, wa kufunika ngozi. Jogoo wa kidimu wa kawaida angetoa nusu tu. Huyu hana cha kutoa isipokuwa jeni ya kukunja, kwa sababu anazo mbili. Kwa hiyo sisemi kwamba kuku wa aina hii hafai kabisa. Mfugaji anayejua, mwenye banda la joto, anaweza kumtumia na wa kulala akapata uzao safi. Lakini auzwe kwa jina lake, na mnunuzi aambiwe kwamba usiku wa mashika unaweza kumuua. Na asiuzwe pamoja na mitetea wa aina yake eti ni familia ya kuzalisha, maana watoto wao wote watateseka kama wao.

Kuhusu Afrika Kusini, sikuona karatasi yoyote. Kuku hai anayevuka mpaka kihalali anakuwa na cheti cha daktari wa mifugo. Nilipomwomba aliniambia kimebaki kwa transita, yaani wakala wa forodha. Mimi naamini wametoka vijijini kwetu hapa hapa. Kidimu wapo vijijini tangu zamani, kwenye joto manyoya yale yanawasaidia kupoa, na bei yao huko ni ya kuku yeyote. Sina shida na kuku wa kijijini, wangu wote wametoka huko. Shida ni kuuziwa Kasenga kwa bei ya Johannesburg.

Baada ya yote haya niliuliza watu. Mama mmoja wa Kampemba alinunua vifaranga wa siku moja "waliohakikishwa kidimu", 10, wakatoka saba wa kulala. Nimeshasema: wa siku moja hahakikishwi na mtu yeyote. Kijana wa Ruashi alituma pesa zote na katoni haikufika kabisa. Wote wawili walionyeshwa picha ya jogoo yule yule mweupe kwenye majani mabichi, na kwa picha hiyo ndipo tulipojua ni mtu mmoja.

Mkitaka kununua kidimu kwa mtu msiyemjua, mwambieni apige simu ya vidio mchana, awaonyeshe kuku na wazazi wote wawili hapo hapo. Mzazi mmoja awe wa manyoya ya kulala. Akisema hana, au kwamba kwake hafugi "takataka za kawaida" (mimi aliniambia hivyo), achaneni naye. Nendeni wenyewe kama ni hapa mjini. Mshikeni kuku mkononi, mpulizeni manyoya ya mgongoni: kidimu mzima ana unyoya mpana uliopinda na nyama yake haionekani ovyo. Vuteni bawa taratibu, manyoya makubwa yawe mazima, yasiwe vijiti vilivyokatika. Muda wa kubadili manyoya vifuko vipya vya unyoya vinachomoza kwenye ngozi, mnaviona na kuvigusa. Ngozi laini isiyo na kitu haibadili chochote. Makuta, yaani pesa, mlipe kuku wakiwa mikononi mwenu, na ni mchana. Halafu wakifika nyumbani watengeni wiki tatu au nne mbali na wengine, kwa ajili ya kideri. Mimi kwa furaha yangu sikuwatenga hata siku moja, na kama wangekuja nacho ningepoteza banda zima.

Waliouziwa na mtu huyu, andikeni hapa chini ni picha gani alitumia na alisema yuko wapi. Msiandike namba za watu wala majina, picha na maneno yake vinatosha. Wenye jogoo aliyesalia kama wangu, msimpe mtetea wa kidimu. Mtafutieni wa kulala, na kabla ya mwezi wa tano mwakani mziandae chupa za maji moto.

Juzi jogoo mweupe ameonekana tena. Majani ni yale yale, bei imepanda hadi dola 130, na sasa muuzaji anasema yuko Likasi.