TAHADHARI: Jamaa anayeuza "mashine ya shoti" kwa wagonjwa wa kiharusi hapa Mombasa

Asalaam aleykum na hamjambo nyote. Mwenye mgonjwa wa kiharusi, wa mgongo ama wa magoti nyumbani naomba asome hii yote, na ukimaliza mtumie na mwenzako wa Kisauni, Likoni, Changamwe, popote pale, manake huyu mtu anazunguka. Anauza kimashine kidogo cha stima cha kubandika mwilini, kina nyaya na vile vibandiko vya jeli, anakiita mashine ya shoti na anaitisha shilingi 14,500. Jina lake silitaji kwa sababu kila mtaa ana jina jipya, na namba ya simu ukishalipa M-Pesa hapatikani tena.

Anavyokunasa ni hivi. Hatangulizi bei kabisa. Anakuja kwa kusema ametumwa na jirani, anamwamkia mgonjwa shikamoo kwa adabu, anakaa na nyinyi kwenye mkeka, kisha anambandika ule mkono uliopooza, hapa chini ya kiwiko, anaongeza nguvu polepole na vidole vinaanza kucheza. Vidole ambavyo tangu mama aanguke havijatikisika leo vinajikunja mbele ya wanawe. Watu wanalia, wengine wanapiga vigelegele, na hapo ndo anasema mnaona mishipa inavofufuka, wiki sita tu mama atakuwa anasonga ugali mwenyewe, wacheni kumaliza nauli kwenda fizio, ile tiba ya mazoezi ya viungo. Sasa mtoto gani atakataa hapo?

Jamani vidole kucheza si kupona. Kiharusi kinaumiza ubongo, lakini neva, yaani mishipa ya fahamu, za mkono wenyewe kwa kawaida bado ziko hai, kwa hivo ukipitisha umeme wa kutosha kwenye neva msuli utajikunja tu, mgonjwa atake asitake, na ukizima mashine mkono unalala palepale ulipokuwa. Hata ukijibandika wewe mzima vidole vyako vitacheza vilevile. Hicho ndo kitu kimoja ambacho kila nyumba ingekijua huyu mtu asingeuza hata mashine moja.

Sisemi stima haitibu, na hapa naomba mnielewe vizuri. Mafizio, wataalamu wa hiyo tiba ya mazoezi, wanaitumia kila siku. Kuna ile ya kutuliza maumivu, inaitwa TENS, hiyo kazi yake ni kuzuia habari ya maumivu isifike juu kwenye ubongo, na wazo lenyewe linatokana na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Inatuliza, haitibu kilicholeta maumivu. Kuna nyingine ya kukaza misuli, hiyo kwa mgonjwa wa kiharusi anayeburuta mguu inaweza kubandikwa pembeni chini ya goti, kwenye neva inayoinua wayo, na inafanya kazi wakati mgonjwa mwenyewe anajaribu kupiga hatua. Msisitizo uko hapo: mgonjwa anajaribu mwenyewe, na mazoezi yanaendelea. Mtu anayekwambia nunua mashine uache fizio anakuibia mara mbili, pesa na ile miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ambayo mwili unarudisha vitu vingi zaidi, na hiyo miezi hairudi.

Mamangu mdogo ana sukari ya miaka mingi na miguu yake ina ganzi, hilo kila mtu kwetu anajua. Huyu muuzaji hakuuliza. Alimbandika mguuni, mama akasema sisikii kitu, na jibu lake lilikuwa ongezeni mpaka asikie. Wallahi hayo maneno bado yananiuma. Mtu mwenye ganzi hawezi kukwambia imetosha! Wakaongeza, wakamwacha nayo kwenye kochi kama alivyoagiza, na kijana wake alipokuja kubandua akakuta kibandiko kimekauka, kimeachia ngozi pande tatu, kimebaki kushika kwenye kona moja, na chini ya ile kona pana lengelenge lenye ncha kama ile kona yenyewe, pembeni pekundu na katikati peupe. Kibandiko kikikauka ama kikibanduka nusu, umeme wote unapita kwenye kale kasehemu kadogo kalikobaki na ngozi inaungua. Mtu wa sukari na kidonda cha mguu mnajua wenyewe linakoelekea, mpaka saa hii anaenda kusafishwa kidonda.

Fizio wake alipoona alisikitika sana, akatueleza kwamba kabla ya kubandika kitu chochote lazima amfumbe mgonjwa macho na amguse kwa kitu chenye ncha na kitu butu aone kama anatofautisha, na asipotofautisha sehemu hiyo haiwekwi stima ovyo. Ni jambo la dakika chache tu. Kisha anauliza maswali, na haya maswali ndo yatakutofautishia mtaalamu na mchuuzi. Una kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani? Kama unacho, usiguse hii mashine mpaka daktari wa moyo aseme. Una mimba? Tumboni, kiunoni na nyonga haibandikwi. Una kifafa, umewahi kuwa na saratani sehemu hiyo, ngozi imechubuka? Na muundi umevimba mguu mmoja, una joto na unauma? Hapo pengine kuna damu imeganda ndani, na kuukaza msuli kwa stima kunaweza kulisukuma lile donge likaenda mpaka mapafuni, hilo linaua.

Na shingo! Kuna mzee wa jirani aliambiwa abandike pande mbili za koo kwa ajili ya presha. Haibandikwi mbele ya shingo kamwe, pale pana mishipa inayopima presha na misuli ya koo, unaweza kushusha presha ghafla mtu akazimia au koo likabana pumzi. Kadhalika haipitishwi kifuani kukatiza moyo, wala karibu na macho.

Mashine yenyewe sasa. Tuliigeuza tukakuta mgongoni pamebandikwa karatasi nyeupe juu ya lebo, ukibandua chini hakuna jina la mtengenezaji wala namba yoyote. Inatumika ikiwa imechomekwa ukutani kwa kiadapta chepesi cha pini mbili, na stima yetu ni volti 240, kiadapta kama hicho kikiharibika hiyo 240 inaweza kumfikia mgonjwa. Mashine nyingi nzuri za nyumbani zinatumia betri, na kuna za kuchaji ambazo hazikubali kuwaka zikiwa kwenye chaji, ni kwa sababu hiyohiyo. Vibandiko pia vilikuwa vimeshatumika, vina nywele za mtu mwingine kwenye jeli.

Kama umeshainunua izime uitoe ukutani, na usiwauzie wengine ili urudishe pesa yako tafadhali. Mgonjwa akiungua mwagilia maji baridi ya bomba kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, na kama ana sukari mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama hasikii maumivu. Weka ile meseji ya M-Pesa na picha ya mashine, upeleke polisi na kwa Bodi ya Famasia na Sumu, hao ndo wanaosimamia vifaa vya tiba.

Anayetaka tiba ya stima aanze kwa fizio mwenye leseni. Tuna sheria ya wanafiziotherapia tangu 2014 na baraza lao, kwa hivo kumwomba mtu akuonyeshe leseni si kumvunjia heshima, mwenye nayo atakuonyesha. Akikuwekea mashine utumie nyumbani akuchoree palipo sawa kubandika, akwambie muda na nguvu, kila kibandiko ni cha mtu mmoja, unazima kwanza ndo unabandua, hulali nayo wala huingii nayo bafuni.

Mara ya mwisho alionekana maeneo ya Kongowea na Mtopanga, amebeba begi jeusi la mgongoni. Mkimwona kwenu andikeni hapa chini mtaa gani, msimpigie kelele za mwizi, watu wasije wakaua mtu, mpigieni chifu ama polisi.