Mahabharata ya Peter Brook: niliitazama na Ba, usiku mbili

Mahabharata ni utendi wa kale wa Wahindi, wa binamu wanaogombea ufalme mpaka vitani, na nilikaa kuitazama tamthilia yake hii nikiwa na kinyongo changu tayari. Peter Brook, mwelekezi Mwingereza aliyehamia Paris, alishatugusa watu wa huku mwaka 1975, alipowaweka jukwaani Waik wa Karamoja, Uganda, kwa kutegemea kitabu cha mwanaanthropolojia Colin Turnbull. Kitabu kile kiliwachora watu wenye njaa kana kwamba utu umewatoka, na watafiti waliokwenda baadaye wakaijua lugha yao walikipinga. Kwa hivyo niliposikia kuna Wahindi waliomlalamikia juu ya Mahabharata, nilishajua nitakaa upande gani.

Tamthilia yenyewe ilianza Julai 1985 ndani ya timbo la mawe la Boulbon, karibu na Avignon, Ufaransa. Saa tisa! Walipoicheza usiku kucha, watazamaji walitoka kumekucha. Wahakiki wa Ulaya wakaimwagia sifa. Rustom Bharucha, mhakiki wa India, akasema kwamba utendi umeng'olewa kwenye dini na tabaka za wenyewe, ukauzwa kama kisa cha walimwengu wote.

Mimi sikufika timboni. Niliyoiona ni filamu ya 1989, ile ndefu ya saa tano na zaidi, kwenye laptopu, pamoja na jirani yangu mama wa Kigujarati ambaye jengo zima twamwita Ba. Ile ya runinga ya India, yenye sehemu 94, Ba aliimaliza mara tatu enzi za kanda za video. Huyo ndiye mhakiki niliyekuwa nikimwogopa.

Dakika kumi hazijapita: "Dhahabu iko wapi? Wafalme gani hawa, mwanangu?"

Na kweli maleba ni nguo tu, hakuna mataji ya kumeremeta. Kuna udongo, moto na maji. Mie hilo lilinipendeza, Ba alinuna. Kiingereza nacho kinasemwa kwa lafudhi za dunia nzima: anayemcheza mfalme Yudhishthira ni Mpolandi, nduguye Arjuna Mwitaliano, mwalimu wao wa vita Drona ni Yoshi Oida wa Japani, na ndugu mwingine, Bhima, Msenegali. Pengine neno linakupotea, urudishe nyuma.

Kilichomuudhi zaidi ni Gita. Beti 700 za mazungumzo ya mungu Krishna na Arjuna kabla ya vita, Brook amezifupisha zikawa maneno ya kupita. "Ndiyo hiyo tu?" Nilimwelewa mara moja. Ni sawa na kusomewa maulidi bila kusimama. Hapo Bharucha ana haki yake, wala sioni cha kumtetea Brook.

Lakini kuna Bhishma. Amechezwa na Sotigui Kouyaté, mtu mrefu, mwembamba kama mnazi wa ufukweni, uso umejaa mistari. Bhishma anaapa kutooa na kutotawala ili babake apate kumwoa mwanamke anayemtaka, naye anapewa zawadi ya kujichagulia siku ya kufa. Kouyaté hafanyi mbwembwe. Analisema neno, ananyamaza, analiacha litue, kisha ndipo anaendelea. Kiingereza si lugha yake, na kila neno linatoka kama limepimwa kwenye mizani. Nilimkumbuka nyanya akisoma tendi usiku: kituo kilikuwa palepale, kabla ya jambo zito. Watoto tuliokuwa tukipigana mateke chini ya mkeka tulikuwa tukinyamaza wenyewe.

Usiku wa kwanza tulikomea karibu na mchezo wa dadu. Malkia Draupadi anaburutwa barazani, mumewe Yudhishthira amejipoteza mwenyewe na kumpoteza yeye kamarini, naye anawauliza wazee: alipoteza nafsi yake kwanza, au mimi? Wazee kimya. Ba naye kimya. Anayemcheza ni Mallika Sarabhai, mnenguaji mashuhuri, Mhindi peke yake kati ya wahusika wakuu. Nilipomwambia Ba kwamba ni wa Ahmedabad, aliketi wima, kilemba cha ushindi kichwani kana kwamba ni bintiye.

Usiku wa pili, Bhishma akiwa amelala juu ya kitanda cha mishale, Ba aliniuliza yule mzee ni mtu wa wapi.

"Wa Burkina Faso, Ba. Ukoo wao ni wa wasimulizi, babu kwa babu."

Alifikiri kidogo, akavuta kiti karibu na kioo.

"Rudisha pale alipoapa," akasema.