Rapala za mtumba Malindi: kibanda kisicho na kibao

Wanaovua kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda, hapa Malindi wanakijua kibanda hiki ingawa hakina jina wala kibao. Kiko karibu na mahali boti zinapopandishwa nchi kavu kusafishwa, na mwenyewe, mzee wa makamo aliyewahi kuwa baharia, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo mkononi. Anauza vyambo bandia vilivyokwisha kutumika, basi. Nimenunua kwake mara nne tangu kaskazi iliyopita, jumla vyambo kumi na kimoja, na nadhani sasa nina haki ya kumsifu na kumlaumu.

Mali yake ni nzuri kuliko mtu atakavyotarajia kwa neno mtumba. Msimu wa sulisuli ukiisha na kusi kuanza kuchafua bahari, boti za watalii hupungua kutoka, wenye boti husafisha masanduku yao, na mabaharia huuza walivyoachiwa na wageni. Vingi ni rapala halisi, za kampuni ya Finland, jina ambalo wengi wetu tumeligeuza kuwa la kila chambo chenye ulimi, kile kibamba cha mbele kinachokizamisha na kukitikisa, awe amekitengeneza nani. Nilimuuliza atajuaje kwamba chambo hakikuibwa botini. Akafungua daftari la shule, akanionyesha tarehe, jina la baharia na jina la boti, kisha akasema, "Mwanangu, mali isiyo na mwenyewe siinunui, mji huu ni mdogo." Sikuweza kuyathibitisha yaliyoandikwa mle, ila daftari lenyewe lilikuwa limechakaa kwa kutumika.

Kinachomtofautisha na wauzaji wengine ni kwamba haruhusu mteja aondoke na chambo ambacho hakijaogelea. Hukifunga kwenye mshipi mfupi uliofungwa kwenye fimbo ya mwanzi, mkateremka wote wawili hadi ufuoni, akaingia majini mpaka magotini na kukiburura huku akitembea. Rapala nzima hutikisika mkia kulia na kushoto lakini hushika njia moja. Iliyopinda hulala ubavu au huchepuka, na ukiirambaza hivyo nyuma ya boti itakusokotea mishipi yote. Ile niliyoichagua mara ya kwanza, yenye urefu wa sentimita 18 na mgongo wa buluu, ilikuwa ikichepukia kushoto. Mzee aliitoa majini, akaishika pete ya puani kwa koleo na kuipinda kidogo sana kuelekea kulia, kiasi ambacho jicho langu halikuona tofauti, akairudisha majini. Bado ilichepuka. Alipinda tena, na mara ya tatu ikaenda sawa kama mshale. Mimi nilizoea kuzitupa za namna hiyo nikidhani zimekufa, na kwa somo hilo peke yake nisingejutia pesa zangu.

Bei hutegemea ukubwa na hali ya ulimi. Rapala kubwa isiyo na ufa nilinunua kwa shilingi 900, na iliyochubuka rangi kwa 600, wakati mpya ya aina ile ile hunigharimu zaidi ya mara tatu ya hapo. Alama za meno hazipunguzi samaki. Nguru haulizi rangi ilichubuliwa na nani. Ila mnunuzi na atofautishe: mchubuko kwenye plastiki si neno, lakini kwenye chambo cha mbao, rangi ikishapasuka maji huingia, mbao hufura, na mwendo wake hauwi tena ule wa zamani.

Sasa lawama. Ndoana zenye kutu huziondoa, na hilo ni jema, lakini badala yake hutia za kulabu tatu zilizo nyembamba mno. Mwezi Februari, nje ya mwamba, kolekole mmoja ambaye hatukuwahi hata kumwona ubavu alizinyoosha kulabu mbili zikawa kama sindano za kushonea magunia, akaenda zake. Tangu siku hiyo nabadilisha ndoana na vipete vyake mwenyewe kabla ya kutia chombo majini, na gharama hiyo ni lazima ihesabiwe katika bei. Rapala nyingine niliyochukua siku ya haraka, bila kuitikisa sikioni, ilikuwa na maji tumboni. Niliirudisha baada ya siku mbili, akanipa nyingine bila maneno.

Vile vyambo vya mfano wa ngisi, vyenye kichwa kigumu na shuke laini za plastiki, singemshauri mtu avinunue hapo. Huvichanganya vyote katika ndoo moja inayopigwa na jua tangu asubuhi, hivyo shuke zimegandana, za waridi zimezichafua za kijani, na ukizivuta hukatika. Nilimwambia azitenganishe kila moja katika mfuko wake, kivulini. Akaitikia vizuri, na wiki iliyofuata ndoo ilikuwa pale pale.

Anayevua changu kwa mshipi wa chubwi, ule wenye risasi ya kuuzamisha, hana haja ya kufika, kwa kuwa hatapata kitu cha kumfaa. Mwenye mashua au boti ndogo yenye injini, anayetaka nguru, jodari na tengesi bila kutumia faida ya safari tatu kununulia kifaa kimoja, ndiye mteja hasa. Aende kabla ya Novemba, maana mvua za vuli zikishajaza tope Mto Sabaki na kaskazi kuanza kulisukuma kuja ghubani, kila mtu hutafuta za kichwa chekundu na mwili mweupe, nazo huisha kwanza. Huyo mzee hufungua baada ya alasiri, Ijumaa huchelewa zaidi, na hupokea malipo ya simu. Mimi nimemwekesha mbili za kichwa chekundu, zilizokwisha kuogelea mbele yangu, zikiwa bila ndoana.