mtools na ntfs-3g: za kutoa mafaili kwa diski za watu bila kuziumiza

Nna kibanda cha kutengeneza kompyuta huku Mwembe Tayari na nusu ya kazi yangu ndo hii, mtu yuwaja na diski ya mashine iliyokufa yuwataka vitu vyake. Mashine yangu mimi ni Linux, za wateja karibu zote Windows, wachache Mac, kwa hivo hizi programu za kuandika amri kwa teminali nshazitumia sana mpaka najua ipi ya kutegemea.

Nianze na mtools maana hii naipenda kwelikweli. Inasoma diski za FAT, yaani flashi na memori kadi za kamera, bila kuzimaunti (yaani bila mfumo kuzifungua kama folda), na hapo bila kumaunti ndo penyewe, kwa sababu flashi ikijifungua yenyewe mfumo waweza kuandika vitu juu yake, na kama ishaanza kuharibika ndo wazidi kuimaliza. Unaandika mdir -i /dev/sdb1 :: (hiyo /dev/sdb1 ndo jina la flashi kwa Linux) na orodha yatoka vilevile kama ile dir ya enzi za DOS, jina, ukubwa, tarehe. Ukitaka picha zote ni mcopy -s -m -i /dev/sdb1 ::/DCIM . na hizo nukta pacha mbili usizisahau, ndo zinasema ndani ya diski, na ile nukta ya mwisho ni folda uliyomo wewe. -s yachukua na folda za ndani, -m yaacha tarehe za picha kama zilivyo, jambo ambalo wapiga picha wa harusi wanalijali sana kwa sababu bila tarehe hajui ipi ya kupaka hina ipi ya kupamba. Weka sudo mbele, yaani ruhusa ya msimamizi, kama itakukatalia.

Saa nyengine yagoma ikisema hesabu ya sekta haigawanyiki sawa, usishtuke, andika mtools_skip_check=1 kwa faili lake la mipangilio, .mtoolsrc, na itaendelea. Lakini kadi za kuanzia GB 64 huja na exFAT, mpangilio mwengine wa mafaili, na hapo mtools haifui dafu kabisa, itabidi umaunti kawaida tu, Linux yaijua exFAT yenyewe tangu kernel (kiini cha Linux) 5.4 ya 2019.

Sasa ntfs-3g, hii ndo ya kufungua diski za Windows, zile za NTFS. Juzi alikuja dada mmoja mpiga picha, laptopu imeingia maji ya chai, ndani mna harusi nzima ya Kisauni na bibi harusi ashaanza kuuliza picha. Fundi wa kwanza alimwambia diski ni ya kufomati. Wallahi iliniuma, kwa sababu diski ilikuwa nzima, tatizo ni kwamba Windows tangu 8 ukiizima haizimiki kabisa, inalala na kuacha hali yake kwa faili la hiberfil.sys, sasa ukija kuifungua kwengine inaonekana kama bado inatumika. Dereva mpya ya ndani ya Linux, ile ntfs3 iliyoingia na kernel 5.15 mwaka 2021, ni ya mbio zaidi lakini diski ikiwa hali hiyo yaweza kukataa mpaka uilazimishe. Mimi niliandika sudo ntfs-3g -o ro /dev/sdb3 /mnt, hiyo ro ni kusoma tu na /mnt ni folda ya kuifungulia, ikafunguka pale pale, tukakaa na yule dada tukiangalia mafolda yakihama moja moja mpaka la mwisho. Ni pole pole kweli na yala CPU, lakini picha zote zilitoka. Kuna chaguo la remove_hiberfile utaliona, kwa diski ya mteja usiliguse, lafuta kazi yote ambayo Windows ilikuwa imelala nayo haijaseviwa.

Za Mac nitasema kidogo. hfsutils na zile hmount na hcopy zake ni za HFS ya zamani tu, mpangilio wa mafaili wa Mac, kabla ya HFS+ iliyokuja 1998, sasa usipoteze muda nazo. HFS+ Linux yaifungua yenyewe ila ikiwa na jono (journal, daftari lake la mabadiliko) ni kusoma tu, na APFS, mpangilio mpya wa Mac wa kuanzia 2017, natumia apfs-fuse, nayo pia ni kusoma tu, na kwa kazi ya kutoa mafaili yatosha.

Zote bure. Hizi mbili za kwanza ni sudo apt install mtools ntfs-3g, ndogo, bando hata haitasikia.