Baa ya Mashabiki wa Lions, Detroit: Chakula cha Wastani, Ubishi wa Daraja la Kwanza

Nimekaa katika baa hii Jumapili tatu za msimu mmoja, kila mara nikiwa na shemeji yangu anayeishi Dearborn, na nimeona niiandikie tathmini kwa sababu ndugu wengi wanaohamia Michigan huuliza ni wapi mtu anaweza kutazama mpira wa Kimarekani akauelewa. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina malalamiko mawili na wahudumu wake ni watu wema. Ipo mitaa michache tu kutoka Ford Field, uwanja wa Detroit Lions, na siku ya mechi utaiona kwa msururu wa watu waliovaa buluu uliojipanga hadi nje ya mlango. Shemeji, ambaye nyumbani ni Yanga wa damu, huingia humo akiwa na fulana yenye simba kifuani, na ameniomba nisipige picha.

Nianze na chakula, maana hakitachukua muda. Mabawa ya kuku ni ya kawaida: makavu kidogo, mchuzi wa pilipili usio na ukali wowote kwa mtu aliyelelewa Tanga. Kilicho kizuri ni piza ya mtindo wa Detroit, ile ya pembe nne inayookwa katika sinia za chuma za aina iliyokuwa ikitumika katika viwanda vya magari vya mji huu, jibini ikisambazwa hadi ukingoni ili iungue na kuwa gamba la kukwaruza kwa uma. Agizeni moja watu wawili, na bado mtabakisha. Vinywaji ni vya bei ya mjini, na bakshishi ya asilimia 20 ni kama sehemu ya bili.

Lalamiko la kwanza linahusu televisheni. Ukumbi wa mbele unaonyesha mechi kwa njia ya kebo na ukumbi wa nyuma kwa njia ya intaneti, kwa hiyo waliokaa mbele hushangilia sekunde kadhaa kabla ya waliokaa nyuma kuona chochote. Jumapili ya kwanza tulikaa nyuma, na kila jambo kubwa lilitufikia kwanza kama kelele ya ukutani, kisha kama picha. Ni sawa na mtu kukusimulia mwisho wa hadithi kabla hujaketi. Nilimweleza mhudumu, naye akacheka, akasema kila mgeni hulalamika hivyo mara moja tu, kwani mara ya pili huwahi kiti cha mbele.

Lakini mtu haji hapa kwa mabawa wala kwa skrini. Anakuja kwa sababu hiki ni kijiwe, kwa maana ile ile tunayoijua sisi: watu wenye kumbukumbu ndefu, wasiokubali kushindwa kwa hoja, wanaorudi kila wiki katika kesi ileile. Kesi kuu ya nyumba hii ni ya tarehe 28 Januari 2024, siku ya fainali ya kanda ya NFC huko Santa Clara dhidi ya San Francisco 49ers. Lions, timu ambayo ubingwa wake wa mwisho ni wa mwaka 1957 na ambayo haijawahi kucheza Super Bowl, fainali ya ubingwa ya siku hizi, ilikwenda mapumziko ikiongoza 24 kwa 7. Ikafungwa 34 kwa 31.

Kwa msomaji mgeni, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika jaribio la nne, kocha ana njia tatu: aupige mpira mbali na kumwachia mpinzani, aupige upite kati ya nguzo apate pointi 3, au athubutu kucheza akijua kwamba akishindwa anakabidhi mpira papo hapo. Kocha Dan Campbell ni mtu wa njia ya tatu. Katika robo ya tatu, akiongoza 24 kwa 10 na zikihitajika yadi 2, alikataa teke la kama yadi 46. Mpira ukamfika Josh Reynolds mikononi, ukamponyoka. Katika robo ya nne, akiwa nyuma kwa pointi 3, alikataa tena teke la kusawazisha, na pasi ya Jared Goff haikumfikia mtu.

Hapo baa hugawanyika. Upande mmoja husema pointi 3 ni pointi 3, na kwamba kocha aliyeachiwa karamu alikataa kula. Upande wa pili husema thubutu hiyohiyo ndiyo iliyoifikisha fainali timu iliyomaliza mwaka wa kwanza wa Campbell, 2021, ikiwa imeshinda mechi 3 tu. Na mpigaji naye angeweza kukosa. Mimi niko upande wa pili kuhusu uamuzi wa robo ya tatu na upande wa kwanza kuhusu ule wa robo ya nne, msimamo ambao hapa unakunyima marafiki pande zote. Ila aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye hataki kabisa kusikia habari za majaribio ya nne. Kwake, kosa la usiku ule lilitokea mwishoni, Lions walipokuwa yadi moja kutoka kufunga: wakampa David Montgomery mpira akimbie, akarudishwa nyuma, ikabidi watumie mapumziko mafupi ambayo wangeyahitaji baadaye kusimamisha saa. Walifunga katika mchezo uliofuata, lakini kwa kukosa mapumziko hayo, tumaini lao pekee likawa kuudaka wao wenyewe mpira wa kuanzia waliompigia mpinzani, na hawakuudaka. Nilikuwa nimeitazama mechi ile mara mbili bila kuliona jambo hilo.

Mzee huyohuyo, Jumapili ya pili, alinifafanulia kesi ya mechi dhidi ya Dallas Cowboys kwa vyombo vya mezani. Tarehe 30 Desemba 2023, zikiwa zimebaki sekunde 23, Lions walifunga na kuwa nyuma 20 kwa 19, wakaamua kutumia mchezo wa nyongeza unaofuata bao kutafuta pointi 2 za ushindi. Sheria inasema mlinzi wa mstari wa mbele mwenye namba kama 68 haruhusiwi kudaka pasi mpaka ajitambulishe kwa mwamuzi. Mzee akaweka chupa ya kechapu katikati: huyo mwamuzi. Kisha akasogeza kikopo cha chumvi, cha pilipili na cha sukari, vyote vitatu kuelekea kechapu kwa wakati mmoja, kwa sababu ndivyo walivyofanya Taylor Decker, Dan Skipper na Penei Sewell, ili Dallas wasijue ni nani hasa anayejitambulisha. Mwamuzi akatangaza namba 70, ya Skipper. Aliyedaka ni Decker, namba 68. Ushindi ukafutwa, na marudio yakashindikana. “Kechapu ilikosea,” akasema mzee, akigonga kizibo chake kwa kidole, “lakini ukitaka kuwachanganya watu wa upande wa pili, usimchanganye anayeandika jina lako.” Jirani yake alisusa meza kwa hasira, akaenda msalani, akarudi na hoja mpya kwamba Campbell alikuwa amewaeleza waamuzi mpango huo kabla ya mechi. Ikaanza upya.

Ubishi wa mambo ya nje ya uwanja ni mkali zaidi, na hapa ndipo lipo lalamiko langu la pili. Aprili 2023 Jameson Williams, mchezaji wa Lions, alifungiwa mechi 6 kwa kubeti akiwa katika majengo ya timu, ingawa hakubeti mechi za ligi yenyewe, NFL. Adhabu ikapunguzwa hadi mechi 4 ligi ilipobadili kanuni zake mwezi Septemba. Wenzake wawili, Quintez Cephus na C.J. Moore, waliobeti mechi za NFL, walifungiwa bila kikomo na kuachwa na timu. Watu wa baa hii wanakubaliana kwamba wale wawili walijitakia. Kuhusu Williams hawakubaliani kabisa, nami naona walio upande wake wana haki ya kuuliza, kwani kubeti kwa simu kumekuwa halali Michigan tangu Januari 2021, na katika matangazo ya mechi moja tu nilihesabu kampuni za kubeti mpaka nikachoka. Ninalolilalamikia ni kwamba baa imezibandika kampuni hizohizo juu ya kila kikasha cha leso. Unajadili adhabu ya kijana wa watu huku ukipangusa mchuzi kwa karatasi inayokuhimiza uweke mkeka.

Lipo pia jeraha la zamani, ambalo mgeni asiliguse kabla ya kuzoeleka. Calvin Johnson, nyota wa Lions, alipostaafu mwaka 2016, klabu ilimtaka arudishe sehemu ya fedha alizolipwa wakati wa kusaini mkataba, na uhusiano ukaharibika kwa miaka. Nilidhani mashabiki wangeitetea klabu. Kumbe hapana: wengi waliokuwapo walimlilia mchezaji, na mmoja aliikumbusha meza kwamba klabu ilimdai pia Barry Sanders, aliyeacha mpira mwaka 1999 akiwa amebakiza yadi 1,457 tu kuifikia rekodi ya Walter Payton ya yadi za kukimbia na mpira. Sauti zilishuka. Hata shemeji aliacha piza yake.

Mechi nyingi za Jumapili huanza saa 7 mchana, kwa hiyo fikeni kabla ya saa 5, mwombe meza ya ukumbi wa mbele iliyo karibu na jiko, na mtu wa kofia ya sufu akikaribia, mwacheni achukue kechapu.