Mpira wa mikono wa mtumba kutoka Denmark: nimeutumia wiki sita

Nimeununua shilingi 22,000 kwenye banda la mtumba wa vifaa vya michezo, karibu na Soko la Mgandini hapa Tanga. Muuzaji alianzia 35,000 na kuniapia kuwa ni wa netiboli. "Chukua Mwalimu, wasichana wako watafurahi." Nikamwambia, mdogo wangu, mpira wa netiboli haukamatiki kwa kiganja kimoja namna hii, huu ni wa mikono. Bei ikashuka palepale, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiuulizia.

Chapa ya kiwanda imesuguliwa hadi ikafutika, ila mtu ameandika kwa kalamu nene: 1. DIV. HERRER. Kumbe "herrer" kwa lugha ya Denmark ni wanaume, na "1. division" ni ngazi ya pili, chini ya ligi kuu yao. Sisi tuliokwenda uwanja wa Mkwakwani timu yetu ya soka, Coastal Union, ikiwa Daraja la Kwanza, baada ya kushuka kutoka ligi kuu mwaka 2016, jambo hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Wachezaji wengi wa ngazi hiyo mchana wako kazini au chuoni, jioni ndiyo wanaingia ukumbini. Mpira wao umefanyishwa kazi kweli, lakini mishono yote ni mizima.

Nimeupima kwa utepe wa fundi cherehani: mzingo sentimita 58. Mizani ya dukani ikasema gramu 440. Kanuni ya mpira namba 3, yaani ukubwa wa wanaume, ni sentimita 58 hadi 60 na gramu 425 hadi 475, kwa hiyo bado ni halali.

Tatizo ni ulimbo. Wenzetu hupaka vidole utomvu wa msonobari ili mpira ung'ang'anie mkononi, na juu ya sakafu safi ya ukumbini hilo ni msaada mkubwa. Kiwanja chetu ni cha udongo. Ulimbo uliokuwa umebaki ulizoa mchanga siku ya kwanza tu, mpira ukawa msasa. Kipa wangu aliudaka mara tatu, akaja kunionyesha viganja vimechubuka. Niliumia, nikasimamisha mazoezi.

Maji na sabuni havikufanya kitu. Kilichosaidia ni mafuta ya nazi: unapaka, unaacha dakika kumi, unasugua mishono kwa mswaki wa zamani, kisha unaosha kwa sabuni ya mche na kuanika kivulini. Nilirudia mara mbili. Sasa hata bila ulimbo unashikika vizuri, isipokuwa asubuhi kukiwa na umande.

Upepo unakaa siku nne. Fundi baiskeli aliye jirani na shule ana sindano ya pampu, na nilimwomba aipake mafuta kwanza asije akatoboa mpira wa ndani. Kudunda, kwenye mchanga usitegemee. Kwenye saruji ya kiwanja cha kikapu unarudi mkononi sawasawa.

Faida niliyoiona ni kwa vijana. Mwaka mzima tulitumia mpira wa miguu uliochakaa, wakawa wanarusha kwa mikono miwili kama mtu anayetupa mzigo. Sasa kijana wangu anayetumia mkono wa kushoto anaruka kutoka nje ya mstari wa mita 6 unaozunguka eneo la kipa, anausubirisha mpira juu hadi kipa aanze kwenda chini, ndipo anaachia. Mchezo huu kanuni zake ziliandikwa na mwalimu mwenzetu, Holger Nielsen wa Ordrup, Denmark, zikachapishwa mwaka 1906. Nilipomwona yule kijana akiruka, nilimkumbuka huyo mwalimu.

Kwa wavulana wa kidato cha tatu na cha nne, nunua. Wasichana na wadogo watafutieni namba 2, ulio mdogo zaidi, huu utawachosha bega. Jumamosi nilipopita bandani ilikuwa imebaki miwili, na mmoja ni namba 2 wenye mshono uliofumuka kidogo. Nimemwomba aniwekee hadi mwisho wa mwezi.