TAHADHARI: Huyu anayeuza "faili za ukoo" Kisumu, Kakamega na sasa Nakuru ni mwizi

Jamani, yule jamaa wa mkoba wa kahawia anayejiita mtafiti wa koo ni tapeli mkubwa. Familia yetu inamtafuta nduguye Guga (babu yetu) aliyebaki Molo, na huyu jamaa akaona hapo pa kutulia. Amekula 14,500 za familia, na nasikia ameshahamia Nakuru.

Alifika jioni, akataka meza ipanguswe kwanza. Akavaa glavu nyeupe, akatoa karatasi iliyo ndani ya plastiki: kingo zimechakaa, mhuri wa zambarau, alama ya kidole gumba, jina la Guga kwa taipureta. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, eti mafuta ya vidole yanaiharibu. Akasoma polepole: babake Guga, ukoo wa Avamavi, hata kijito walichochota maji. Senge (shangazi yetu, binti wa Guga) akaangua kilio. Nani angekataa hapo? Mtu asiyekujua anakutajia wazee wako mmoja baada ya mwingine, na simu yake imejaa picha za makabati ya nyaraka. Tena hakudai zote kwa mkupuo: 6,000 za kuanzia, 3,500 za "kufungua faili", kisha 5,000 siku "binamu wa Molo" alipopiga simu akisema amelazwa. Huyo binamu sasa ni mteja tu, hapatikani.

Kumbe majina yote aliyachota kwa Senge mwenyewe, kwa simu, akijifanya anajaza fomu! Anakuuliza leo, wiki zijazo anakuuzia ulichomwambia.

Na karatasi yenyewe inamsuta. Inadai ni kipande (kitambulisho cha kazi walichobeba wanaume Waafrika enzi za mkoloni) cha 1938, ilhali juu imeandikwa Western Province. Mkoa wa Magharibi ulikuja 1963. Mwaka 1938 Maragoli, kwetu, ilikuwa North Kavirondo, chini ya Nyanza. Kipande kilianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume alikikunja akakitia kwenye kikebe cha chuma alichoning'iniza shingoni. Hiki hakina hata alama ya mkunjo. Kipande pia kilijazwa jina la mwajiri, tarehe ya kuandikwa na kuachishwa kazi, na mshahara. Hapa hakuna mwajiri hata mmoja, na mzee alifanya kazi kwenye mashamba ya walowezi! Anauza pia vyeti vya kuzaliwa vya 1918 vya kijijini. Kwa Waafrika, kusajili watoto kulianza kuwa lazima kwa awamu kuanzia 1963. Hivyo vyeti kavitoa wapi?

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa haimtumi mtu nyumbani kuuza faili. Wako Nairobi, na wana ofisi Kisumu, Kakamega na Nakuru. Unaenda mwenyewe na kitambulisho. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, paybill 222222, si namba ya mtu.

Kwa familia za Kikatoliki, ulizeni kwanza vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani kama Mumias na Mukumu. Humo mna jina la baba, la mama na la msimamizi wa ubatizo, na pembeni padri huandika mtu alifunga ndoa parokia gani. Hiyo parokia ya pili ndiyo ya kufuata mkitafuta aliyepotea. Kwa shamba, ombeni rekodi kwenye ofisi ya ardhi muone lilipita mikononi mwa nani na nani.

Dalili nyingine: hatoi risiti, hataki upige picha karatasi, na hupenda kuzungumza na mzee akiwa peke yake.

Akamatwe! Kughushi kwa kawaida ni hadi miaka 3 jela, kujipatia pesa kwa ulaghai miaka 3 mingine, na bado naona ni kidogo kwa mtu anayemliza mama mzee kwa jina la babake. Walioliwa Nakuru, Njoro na Molo, nendeni kituo cha polisi mchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Msifute ujumbe wa M-Pesa, na karatasi zake msizichome kwa hasira, ndizo zitakazomfunga.